Mashine ya Hesabu na Uamuzi wa Chama

Mazungumzo kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi, Bungu, milima ya Usambara



Swali linaloulizwa mara nyingi katika vyama vya msingi siku hizi ni hili: je, chama kinunue kompyuta au kisinunue? Wako wasemao kuwa kompyuta ni lazima, maana dunia imekwenda mbele. Wako pia wasemao kuwa ni anasa, maana daftari liliwatosha waliotangulia. Pande zote mbili zimeanzia mwisho wa jambo badala ya mwanzo wake. Linalopasa kuulizwa kwanza ni maamuzi gani ambayo bodi huyafanya ikiwa imekwisha chelewa, au haina hesabu mbele yake, na ni habari gani ingeyafanya maamuzi hayo yawe bora. Chama kikiweza kujibu swali hilo kitajua chenyewe kama kinahitaji mashine, na mashine ya namna gani. Kisipoweza kulijibu, hata kikipewa kompyuta ya bure itakaa mezani imefunikwa kitambaa.

Yafaa basi kuanza na kazi inayofahamika na watu wengi wa milima hii, nayo ni kupokea majani mabichi ya chai.

Chai haingoji mkutano. Jani likisha chumwa huanza kunyauka, na likishindiliwa katika gunia kwa saa nyingi hupata joto, hubadilika rangi, na kiwandani hushushwa daraja au hukataliwa kabisa. Kwa sababu hiyo, siku moja ya mavuno ina maamuzi mengi madogo ndani yake: gari lianze kituo gani na kumalizia kipi, magunia mangapi yapelekwe wapi, karani yupi akae kwenye mizani ipi, na kama mvua ya usiku imeharibu barabara, majani ya upande ule yabebwe kwa njia gani. Maamuzi hayo hufanywa na watu wenye uzoefu, nao huyafanya vizuri kwa kadiri ya habari walizonazo. Upungufu uko katika habari zenyewe.

Na ichukuliwe kwa mfano chama chenye wanachama 240 na vituo vitatu vya kupokea majani. Siku moja ya mavuno mema kila mwanachama huleta wastani wa kilo 15, kwa hiyo chama hupokea kilo 3,600. Kituo cha kwanza kimepima kilo 1,400, cha pili kilo 1,200, na cha tatu kilo 1,000. Gari linapofika kiwandani na kupimwa tena, hesabu inakuwa kilo 3,478. Zimepungua kilo 122, yaani karibu kilo tatu na nusu katika kila mia. Katibu anaandika, bodi inasikia, na mjumbe mmoja anasema kwamba jani lina maji, ni desturi yake kupungua njiani. Jambo linaishia hapo.

Sasa hesabu hiyo hiyo ipangwe kwa vituo. Majani ya kituo cha kwanza yamefika kilo 1,372, na ya kituo cha pili kilo 1,176. Vituo vyote viwili vimepoteza kilo mbili katika kila mia, na upungufu huo ni wa kadiri. Lakini majani ya kituo cha tatu yamefika kilo 930. Kituo hicho kimepoteza kilo saba katika kila mia. Jumla iliyosomwa mbele ya bodi haikuwa ya uongo, ila ilikificha kituo cha tatu nyuma ya vile viwili. Bodi iliyoisikia jumla ile haikuwa na la kuamua. Bodi inayoviona vituo kimoja kimoja ina la kuamua siku hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo kazi kubwa ya mashine ya hesabu katika uongozi wa chama, na haina uchawi wowote. Uzito wa kila kituo ulikuwamo katika stakabadhi tangu mwanzo. Katibu mwenye kalamu na subira angeweza kuupanga, ila ingemchukua jioni nzima kwa siku moja ya mavuno, na msimu una siku nyingi. Kompyuta, au hata simu yenye programu ya majedwali, huupanga kwa dakika chache, na huupanga kesho na kesho kutwa bila kuchoka. Kwa hiyo habari iliyokuwa ikifika mwisho wa mwezi, wakati kila mtu amekwisha sahau, inafika jioni ile ile.

Mashine, hata hivyo, haisemi kwa nini kituo cha tatu kinapoteza kilo saba. Huenda ni kituo cha mwisho katika mzunguko wa gari, na majani hukaa juani kwa saa nyingi kuliko mengine. Huenda kiko upande wenye ukungu mzito, na wanachama huchuma mapema mno, jani likiwa bado na umande, wakapimiwa maji ambayo hayatafika kiwandani. Huenda mizani yake imelegea. Na huenda pia kuna mkono wa mtu. Sababu hizi nne zina dawa nne mbalimbali: kubadili mzunguko wa gari, kukubaliana na wanachama juu ya saa ya kuanza kuchuma, kumwita Wakala wa Vipimo, au kumwita karani mbele ya bodi. Atakayejua ni ipi ni yule atakayekwenda kituoni akiwa na jiwe la mizani mkononi, akasimama pale tangu gunia la kwanza hadi la mwisho. Bodi inayomwachisha kazi karani kwa kuitazama karatasi ya kompyuta peke yake imeamua vibaya, hata kama baadaye itaonekana kuwa karani alikuwa mkosaji kweli.

Kuna hesabu nyingine ambayo wanachama huielewa upesi kuliko viongozi wao, kwa kuwa inawagusa mfukoni. Katika chama hicho hicho cha mfano, mwanachama analeta majani mara 30 kwa mwaka. Wanachama 240 wakileta mara 30, chama kimepima mara 7,200. Iwapo kila mara karani anaacha nusu kilo, ama kwa kuwa mshale wa mizani unacheza na yeye ana haraka, ama kwa kuwa anakata uzito wa gunia kwa kukisia, nusu hizo zitakuwa kilo 3,600 kwa mwaka. Hayo ni majani ya siku nzima ya chama kizima. Kwa kuwa kilo moja ya chai iliyosindikwa hutokana na karibu kilo nne na nusu za majani mabichi, ni kama kilo 800 za chai kavu zimepotea bila mwizi na bila kelele. Hakuna mwanachama atakayefungua kesi kwa nusu kilo, lakini wote hunung'unika, na manung'uniko hayo ndiyo huwafanya wapeleke majani kwa mnunuzi wa pembeni.

Nchini Kenya, wakulima wadogo wa chai walio chini ya KTDA wamekwisha zoea mizani ya elektroniki katika vituo vya kupokea majani. Mkulima hutambuliwa kwa namba yake, uzito husomwa na mizani yenyewe bila karani kuuandika kwa mkono, na mkulima hupewa stakabadhi iliyochapwa. Tanzania nayo imeanza kuzipeleka mizani za kidijitali katika vyama vya mazao kama pamba na korosho. Faida yake kubwa ni kwamba tarakimu inaandikwa mara moja tu, na mizani yenyewe. Katika utaratibu wa zamani uzito husomwa na karani, ukaandikwa katika stakabadhi, ukanakiliwa katika daftari la mapokezi, ukapelekwa katika leja ya mwanachama, kisha ukajumlishwa katika orodha ya malipo. Kila hatua ni mlango wa kosa. Saba hugeuka moja, na 51 hugeuka 15. Mkaguzi ye yote aliyewahi kutafuta shilingi zilizopotea katika urari wa hesabu anajua kwamba mara nyingi hakuna aliyeziiba. Zilipotea katika kunakili.

Hata hivyo yafaa watu wasisahau kwamba nchi hii imewahi kuziamini mashine kupita kiasi, ikajuta. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne baada ya uhuru wa Tanganyika. Ilitarajiwa kwamba hesabu za Serikali zingekwenda kwa kasi na kwa usahihi. Yakatokea kinyume chake. Hesabu zilivurugika, gharama zikawa kubwa, kazi ikategemea wataalamu wa kigeni, na baadhi ya kazi ikabidi kurudishwa kwenye mashine za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini pasipo idhini maalumu. Vijana wanaosikia habari hiyo leo hucheka, wakidhani wazee waliogopa maendeleo. Si haki kuwacheka. Waliona fedha za kigeni za nchi maskini zikienda katika chombo ambacho hakikuwa kimetayarishiwa watu wala vitabu, nao wakafunga mlango. Kosa lao, kama lipo, ni kwamba mlango ulikaa umefungwa muda mrefu mno, na nchi ikachelewa kujifunza.

Linalowahusu makatibu katika habari hiyo ni hili. Mashine hutenda kwa kasi kile inachopewa. Ikipewa vitabu vilivyo sawa itatoa taarifa zilizo sawa upesi. Ikipewa rejista ya wanachama yenye majina ya marehemu, majina yaliyoandikwa mara mbili, na hisa ambazo hazikupatana na stakabadhi, itatoa taarifa mbovu upesi, tena kwa maandishi mazuri yanayomfanya msomaji aziamini. Chama ambacho urari wake haukai sawa katika daftari hautakaa sawa katika kompyuta. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji umeme: ni kukaa chini na rejista, kijiji kwa kijiji, na kuhakikisha kila jina lina mtu, kila mtu ana namba moja, na kila hisa ina stakabadhi yake. Warithi wa marehemu waitwe na mambo yao yamalizwe. Kazi hiyo yaweza kuchukua miezi mitatu, na hakuna muuzaji wa kompyuta atakayeitaja, kwa kuwa hana faida nayo.

Yako pia maamuzi makubwa kuliko ya gari na mizani. Wakulima wa pande hizi hawajasahau kufungwa kwa kiwanda cha chai cha Mponde mwaka 2013, wala miaka iliyofuata ambayo shamba liliota msitu na familia zikatafuta riziki kwingine. Serikali ilikitwaa kiwanda hicho mwaka 2016. Kompyuta isingeyazuia hayo, maana ugomvi wa umiliki hauponywi kwa majedwali. Lakini katika siku kama zile chama huulizwa maswali. Mnunuzi mpya huuliza: mna ekari ngapi zenye chai inayotunzwa, na ngapi zimeachwa? Mwaweza kuleta kilo ngapi kwa wiki wakati wa masika, na ngapi wakati wa kiangazi? Benki huuliza: wanachama wangapi walilipa madeni yao msimu uliopita? Wizara huuliza: ni wakulima wangapi wameathirika? Chama chenye majibu hukaa mezani pamoja na wakubwa. Chama kisichokuwa na majibu hungoja nje kiambiwe yaliyoamuliwa, kisha kikawaeleze wanachama wake.

Wanachama wenyewe wamekwisha zoea kuulizwa na kuandikwa katika mashine. Katika Sensa ya mwaka 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi, na nchi ikahesabiwa watu 61,741,120. Mwaka huo huo wa 2022 wakulima walianza kusajiliwa katika mfumo wa mbolea ya ruzuku, ambamo ukubwa wa shamba na zao ndivyo huonyesha kiasi cha mbolea kinachomstahili mtu. Hapa mkulima ameona kwa macho yake kwamba tarakimu iliyoandikwa vibaya humnyima mfuko wa mbolea. Hakuna semina inayofundisha vizuri kuliko hilo.

Kwa upande wa ushirika, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na Tume hiyo sasa inatumia Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaojulikana kwa kifupi kama MUVU. Kwa njia yake vyama hupeleka taarifa ambazo zamani zilibebwa katika bahasha, na Mrajis huweza kuona hali ya chama bila kungoja gari la kwenda mkoani. Ni hatua njema. Lakini imeanza kujengeka tabia isiyofaa, na ni vizuri isemwe waziwazi. Makatibu wengine huujaza mfumo kwa ajili ya wakubwa tu. Taarifa inapanda juu, haishuki kwa bodi. Katibu anakwenda mjini palipo na mtandao, anajaza, anarudi, na mwenyekiti wake hajui kilichojazwa. Hapo mashine imemsaidia Mrajis kuamua, haikuisaidia bodi. Inapasa iwe kinyume chake: taarifa ichapwe, isomwe mbele ya bodi, iulizwe maswali, irekebishwe, ndipo ipelekwe. Chama kikiwa na hati ya kujaza kila mwezi kwa lazima, basi na kifaidike nayo chenyewe kwanza.

Mikoa ya kusini imekwenda mbali zaidi, na inafaa kutazamwa ingawa korosho si chai. Huko utaratibu wa stakabadhi ghalani ulianza katika msimu wa 2007/08, na tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho inaendeshwa kwa njia ya elektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Wanunuzi huweka bei zao katika mfumo, na bei husomwa mbele ya wakulima waliokusanyika. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba mwisho wa yote wakulima huulizwa: mnaikubali bei hii au mnaikataa? Mashine imekusanya bei za wanunuzi walio mbali, jambo ambalo hakuna katibu angeliweza, lakini kauli ya kuuza imebaki kwa wenye mali. Mwaka 2018, kabla ya mfumo huo, wakulima wa kusini walizikataa bei za mnada, na nchi nzima ikasikia. Mashine ye yote itakayoletwa ushirikani ipimwe kwa kipimo hicho: je, inawaachia wanachama kauli yao, au inawanyang'anya kwa kuwaambia kwamba kompyuta imekwisha sema?

Ipo sababu ya kulisisitiza hilo katika nchi hii. Mwezi Mei mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na mazao yakakabidhiwa kwa mamlaka za mazao hadi sheria ya mwaka 1982 iliporudisha ushirika. Katika miaka ile mkulima alipima zao lake kijijini, lakini hesabu, bei na maamuzi vilikuwa mbali naye. Umbali huo ulikuwa wa kilomita. Kompyuta yaweza kuleta umbali mwingine, wa watu wawili walioketi katika chumba kimoja, mmoja anajua kufungua taarifa na mwingine hajui. Mzee aliyeuza chai miaka 40 asije akaonekana mjinga mbele ya kijana mwenye kishikwambi, akanyamaza katika mkutano mkuu kwa aibu. Kwa hiyo stakabadhi ya karatasi iendelee kutolewa hata pale ambapo ujumbe wa simu unatumwa, na jedwali la mwezi libandikwe katika ubao wa ofisi kwa herufi kubwa, likionyesha kila kituo, kilo zilizopimwa, kilo zilizofika, na fedha zilizolipwa. Ubao huo umekamata makosa mengi kuliko wakaguzi.

Mambo ya usalama yanaweza kuelezwa kwa maneno machache, kwa kuwa ni yale yale ya kasha la fedha. Kasha lilikuwa na funguo mbili, moja kwa katibu na nyingine kwa mweka hazina. Neno la siri la kompyuta ni ufunguo, na katika vyama vingi anao mtu mmoja, tena limeandikwa katika kipande cha karatasi chini ya meza. Anayeingiza uzito asiwe ndiye anayeidhinisha masahihisho, na programu itakayochaguliwa iwe inaweka alama ya nani alibadili tarakimu gani na siku gani. Programu inayoruhusu kufuta pasipo alama isinunuliwe hata kama ni rahisi. Nakala ya akiba itolewe kila wiki na kuwekwa nje ya ofisi. Umeme wa milimani hukatika, hasa mvua ikizidi, kwa hiyo daftari la mapokezi liendelee kuwapo kituoni. Na kwa kuwa rejista ya wanachama ina namba za vitambulisho, namba za simu na madeni ya watu, viongozi wajue kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Orodha hiyo si ya kumpa mfanyabiashara wa mikopo wala mgombea wa uchaguzi, hata akiomba kwa upole.

Hatari moja inastahili maneno zaidi, maana vyama huigundua ikiwa imekwisha wauma. Kijana mmoja huajiriwa kwa sababu anajua kompyuta. Anatengeneza majedwali kwa namna anayoijua yeye. Baada ya mwaka mmoja anapata kazi Tanga au Dar es Salaam, anaaga vizuri, na siku ya pili hakuna mtu ofisini awezaye kufungua hesabu za chama. Dawa yake ni kwamba pasiwe na kazi ya mashine inayojulikana na mtu mmoja. Katibu, mweka hazina na angalau mjumbe mmoja wa bodi wajifunze kufungua, kusoma na kuchapa taarifa ya mwezi. Si lazima wajue kuitengeneza. Mwenyekiti asiyejua kuendesha gari hata hivyo hujua kama gari limefika.

Sasa yabaki mambo ya gharama. Bei ya kompyuta ni sehemu ndogo. Gharama kamili ni pamoja na mafunzo, mtandao, wino na karatasi, matengenezo, ada ya programu ya kila mwaka pale inapodaiwa, na saa za watu watakaosafisha rejista. Chama kinachotenga fedha za kununua mashine bila kutenga za kuitunza kimenunua nusu ya kitu. Ifanyike pia hesabu ya upande wa pili. Chama cha mfano kilichotajwa kilipoteza majani ya siku moja kwa nusu kilo zile, na kituo chake cha tatu kilikuwa kinapoteza kilo 50 zaidi ya kadiri kila siku ya mavuno. Chama kikizidisha kilo zake cha chenyewe kwa bei ya msimu, kitajua mashine yaweza kujilipa kwa muda gani, au kwamba haiwezi. Vipo vyama vidogo ambavyo hesabu itawaambia wasinunue, wajiunge viwili au vitatu na kutumia karani mmoja na kompyuta moja. Hakuna aibu katika uamuzi huo.

Chama kitakachoamua kununua kiingize fedha hizo katika makisio ya mapato na matumizi ya mwaka, kwa fungu lake mahsusi na wala si chini ya "mengineyo", na kama kitakopa, ukomo wa madeni upitishwe na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis kabla ya ahadi yo yote kutolewa kwa muuzaji. Kabla ya mkutano huo, katibu atayarishe jedwali la siku kumi za mavuno kwa mkono, kituo kwa kituo, kilo zilizopimwa na kilo zilizofika, alisome mbele ya wanachama, kisha awaache waulize.